Arobaini na Mmoja Kando ya Kitanda Kimoja

Zamani sahihi yangu ilikuwa jina langu zima, herufi kwa herufi, hadi kistari cha mwisho. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wanane, na muda nilikuwa nao. Walipofika sitini, zikabaki herufi mbili na mkia. Chuo kilipoongezewa nafasi na wakaingia mia mbili na arobaini kwa mkupuo, sahihi yangu ikawa kama ndoana: unashusha kalamu, unaikunja, unageuza ukurasa. Mume wangu aliiona siku moja mezani akaniuliza kama nilikuwa najaribu wino.

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Kazi yangu si kusimama mbele ya ubao. Ubao una wenyewe, na wana shahada nyingi kuliko viatu. Mimi nawapeleka wanafunzi wodini, nasimama nyuma ya kila mmoja anapomgusa mgonjwa kwa mara ya kwanza, na nikiridhika natia sahihi kwenye daftari lake la mazoezi. Daftari linasema: amefanya mwenyewe, mbele yangu, mara tano. Bila sahihi hizo hapati cheti. Kwa hiyo siku ukiugua, kinachokukinga na mikono isiyojua kitu ni sahihi ya mtu kama mimi.

Nafasi zilipoongezwa kila mtu alifurahi, nami nilifurahi. Wodi zilikuwa zinalia kwa kukosa wauguzi, na nyumba za kutunzia wazee zilikuwa na mhudumu mmoja kwa vitanda thelathini. Chuo kikajengewa jengo jipya lenye vigae vinavyoteleza na ukumbi wa viti mia tatu. Viti viliongezwa, lakini wagonjwa wa kujifunzia hawaagizwi kiwandani. Wakufunzi tulibaki wanne, kisha mmoja akastaafu, tukawa watatu. Nilikwenda kwa mkuu wa idara kumwambia kwamba mtu mmoja hawezi kusimamia wanafunzi themanini. Akanipa kiti, akanipa maji ya baridi, akasema, "Mwalimu, watu wanataka wauguzi. Tusiwe sisi wa kuwafungia mlango." Nikatoka nimekunywa maji yake.

Ndipo tukaanza kufanya kazi kwa mafungu. Mwanafunzi mmoja anafanya, wengine wanatazama, wote wanaandikiwa kwamba wamefanya. Ambao hata kutazama hawakupata, walikuwa na Shangazi.

Shangazi ni mdoli wa mazoezi, kichwa na kiwiliwili cha plastiki, mwenye njia mbili kooni: moja ya kwenda tumboni, nyingine ya kwenda mapafuni. Mwanafunzi anapitisha mpira wa kulishia puani. Ukiingia tumboni, vizuri. Ukiingia mapafuni, taa nyekundu inawaka na anaanza upya. Ni somo ambalo halina mzaha, kwa sababu ukimmiminia mtu maziwa mapafuni unamzamisha akiwa kitandani kwake. Mikono mia mbili na arobaini ilimchosha Shangazi, njia ya mapafuni ikapasuka, na fundi wa chuo akaiziba kwa gundi. Tangu siku hiyo kila mpira uliopitishwa uliingia tumboni, mwanafunzi ajue asijue. Taa haikuwaka tena. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza, maana foleni ilikuwa inakwenda haraka.

Kulikuwa na jambo jingine. Mpira ukishaingia, muuguzi anavuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kuyadondoshea kwenye karatasi ya buluu. Karatasi ikigeuka nyekundu, hiyo ni asidi ya tumbo, uko salama. Isipogeuka, mgonjwa hapewi hata tone. Karatasi hizo nazo ziliadimika. Pakiti ya mwisho niliificha kwenye mkoba wangu nikisema ni ya mitihani, na kwenye mazoezi tukawa tunasema "tuseme." Tuseme umevuta. Tuseme imegeuka. Haya, mwenzako anasubiri.

Alhamisi moja, saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa ofisini nimezungukwa na madaftari, simu ikaita. Alikuwa kaka yangu.

Mama yetu alikuwa na siku ya tatu hospitalini. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya upande wa kulia, maneno, na uwezo wa kumeza, akawa anaishi kwa dripu tu. Kaka yangu ni seremala. Alifunga karakana yake ili akae naye mchana, na jioni nilikuwa napokea mimi.

"Mdogo wangu, nina habari njema," alisema. "Mama kawekewa mpira wa chakula. Wameniambia saa kumi nimpe maziwa, na namna ya kumimina wamenionyesha. Kazi ndogo tu."

"Nani kamwekea? Sista mkuu?"

"Sista mkuu yuko kwenye kikao. Kaweka binti mmoja mpole hivi, ana mwanya. Nilipomwambia Mama ni mama yako, alifurahi kweli. Anasema wewe ndiye mwalimu wake."

Nilitabasamu. Nani asiyependa kusikia hivyo? Nikamwambia haya, nakuja nikimaliza, nikakata simu, nikashika daftari lililofuata, nikaweka ndoana. Nikaweka ya pili. Ya tatu mkono ukakataa.

Binti mwenye mwanya nilimkumbuka. Wenzake walimwita Mwanya, naye aliitika bila kununa. Alihitimu mwaka jana, katika kundi la kwanza la wale mia mbili na arobaini. Nilikumbuka kicheko chake, nilikumbuka kwamba alikuwa haachi kuandika. Mikono yake sikuikumbuka. Nilijaribu kumwona ameshika mpira, amesimama mbele ya mgonjwa, nami nyuma yake, na picha haikuja.

Nikafungua kabati la madaftari ya waliohitimu. Nikalipata lake, nikafika ukurasa wa mpira wa kulishia. Mistari mitano, ndoana tano, tarehe moja, wino mmoja.

Siku ile naijua. Mgonjwa mmoja tu ndiye aliyehitaji mpira, mzee mkimya kwenye kitanda cha dirishani. Wanafunzi arobaini na mmoja walimzunguka wakichungulia juu ya mabega ya wenzao, wengine wamesimama kwenye viti. Mmoja aliweka. Arobaini waliona visogo. Baadaye nikaketi kwenye benchi la nje ya wodi, madaftari mapajani, nikasaini yote, mara tano kila moja, hadi kiganja kikaniuma. Nilikwenda nyumbani nikajisifu kwamba nimemaliza mapema.

Nilimpigia kaka. Simu ikaita hadi ikakatika. Kaka akiwa na kazi mkononi simu huisahau mfukoni, ukiita utachoka. Nikapiga ya wodini, inatumika. Nikapiga tena ya kaka. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini. Nikachukua mkoba nikatoka mbio. Madaftari mengine yalianguka nyuma yangu, sikugeuka.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Kila siku naitembea njia hiyo nikila karanga. Siku ile barabara ilikuwa pana, magari hayaishi, na mimi nina miaka hamsini na sita na magoti yenye maoni yake. Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, saa ya kuona wagonjwa bado. Ni saa kumi."

"Saa kumi ndiyo ninayoikimbia, baba. Nipishe."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alinipisha.

Wodi ya Mama, ya wagonjwa wa kiharusi, wanaume kwa wanawake, iko ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi nimeshika ukuta, na kila hatua nilimwona kaka yangu akiinua kikombe kwa ile mikono yake makini ambayo haijawahi kumwaga hata gundi. Angeyamimina yote, taratibu, kwa upendo, kama alivyoelekezwa. Ningefika nikute anamfuta mdomo.

Nilipoingia mlangoni niliwaona. Mama ameegemezwa kwenye mito, mpira umebandikwa puani kwa plasta. Kaka amesimama, mkono wa kushoto ameshika bomba la sindano lililochomekwa kwenye mpira, wa kulia ameshika kikombe.

"Acha," nilisema. Nikasema tena.

Aligeuka. "Umewahi. Nilikuwa nangoja yapoe, Mama na vitu vya moto unamjua."

Nikamnyang'anya kikombe, nusu yake ikamwagikia viatu vyangu. Bomba lilikuwa kavu. Alikuwa hajamimina. Nilitaka kumkumbatia kaka yangu kwa ule upole wake ambao sote tumemtania nao tangu utotoni, lakini macho ya Mama yalikuwa yananitazama, na sijawahi kumwona Mama akiogopa namna ile. Alikohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa dhaifu, kama cha mtu anayeomba radhi.

"Anakohoa hivyo tangu lini?"

"Tangu wamweke. Sista amesema koo limekwaruzwa, litapoa."

Mwanya akaja akiwa na sinia la dawa. Aliponiona uso ukamchangamka. "Shikamoo, mwalimu." Halafu akaona maziwa sakafuni, akasimama.

Sikuitikia. Nilivuta kwa bomba. Hewa. Nikamlaza Mama kidogo upande wa kushoto, nikavuta tena, likatoka povu jeupe kidogo. Nikatoa pakiti yangu kwenye mkoba, ile niliyowaficha, nikadondosha. Karatasi ikabaki buluu. Niliitazama nikiiomba igeuke. Ikabaki buluu.

"Pole, Mama," nikasema, nikautoa mpira. Akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, na mkono wake mzima ukashika gauni langu.

Kaka aliketi kitini pole pole. "Ulikuwa wapi huo mpira?" akauliza. Nilimwambia. Alitazama kikombe, akatazama mikono yake.

Nilimvuta Mwanya kando ya pazia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinifaa, kwa kuwa nilikuwa naitumia kuficha woga.

"Ulipima?"

"Karatasi wodini zimekwisha, mwalimu. Wiki ya pili sasa."

"Kwa hiyo ulifanyaje?"

"Nilivuta, hakikutoka kitu." Aliliweka sinia chini. "Kwa Shangazi pia kilikuwa hakitoki kitu. Tulikuwa tunasema tuseme, tunaendelea. Nikajua ndivyo inavyokuwa."

Hakuwa ananijibu kwa jeuri. Alikuwa ananieleza kazi yake kama nilivyomfundisha, neno kwa neno, na uso wake ulikuwa bado unangoja nimwambie wapi alipokosea. Hasira yote ikaniisha, nikabaki na woga peke yake.

"Umeshaweka mipira mingapi tangu uanze kazi?"

"Nilikuwa wodi ya uzazi, nimehamishiwa hapa juzi. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Leo mingapi?"

"Mitatu. Wa bibi ni wa tatu."

Nikamwambia anionyeshe wengine. Tulikwenda kwa haraka, ile haraka ya wauguzi isiyo mbio, ili wodi nzima isishtuke. Kitanda cha tatu alikuwapo mama mmoja mnene aliyelala. Nilivuta, majimaji yakaja, karatasi ikawa nyekundu kabla sijaiondoa mkononi. Mwanya akaachia pumzi. Mimi sikuachia.

Kitanda cha kumi na tisa kilikuwa cha mzee mmoja fundi wa saa. Nilimjua, ndiye aliyetengeneza saa ya harusi yangu. Bintiye alikuwa anampangusa kifua kwa kitambaa.

"Alikula saa saba," alisema, akifurahi kumwona mtu. "Kikombe kizima. Tangu saa nane anakohoa na joto limepanda, nikadhani ni hili dirisha."

Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kuingia ubuluu. Kifua chake kilikuwa kinatoa sauti ya maji ndani ya chupa. Sihitaji kusema karatasi ilikuwa rangi gani. Nilifyonza nilichoweza kufyonza, nikautoa mpira, Mwanya akaleta oksijeni akikimbia sasa, hakuna aliyejali tena kama wodi inashtuka. Daktari akaja, wakamsukuma mzee kwenda wodi ya wagonjwa mahututi. Pale mlangoni bintiye akanishika mikono yangu miwili.

"Asante, mwalimu," alisema. "Mungu akubariki. Bila wewe."

Nilisimama pale nikashukuriwa. Sina la kulinganisha na jambo lile. Ningependa anipige kofi.

Sista mkuu alirudi kutoka kikaoni akakuta wodi imepinduka. Alisikiliza, akatoa fomu ya tukio, akafungua kalamu. Alimtazama Mwanya kwa jicho ambalo sote tunalijua, jicho lililokwisha kuhukumu.

"Huyu alipitishwa na nani?" akauliza, kama mtu anayeuliza swali la kupita.

Mwanya aliinamisha kichwa. Hakunitaja. Aliona nimesimama pale na bado hakunitaja, na sekunde zile, naapa, niliogopa kupoteza kazi yangu kuliko nilivyomwogopea yule mzee. Nalisema hapa kwa sababu ni kweli.

"Mimi," nikasema. "Nilisaini mara tano na sikumwona hata mara moja. Andika hivyo hivyo."

Sista mkuu aliandika. Tumefahamiana miaka ishirini, na hakuinua macho.

Mama alikuwa bado hajala. Dripu peke yake isingemfikisha mbali, alihitaji mpira mwingine siku ile ile. Kaka alinitazama.

"Weka wewe," alisema. "Kwa mikono yako."

Niliinua mikono yangu aione. Ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nisingeweza kutunga uzi kwenye sindano. Na hata isingetetemeka, Mwanya ndiye aliyekuwa na zamu hadi usiku, katika wodi yenye vitanda ishirini na nane. Mimi ningekwenda nyumbani, yeye angebaki.

"Ataweka yeye," nikasema. "Mimi nitasimama nyuma yake."

"Kwa Mama?"

"Kwa Mama."

Kaka alitoka nje ya wodi, hakutaka kuona. Nilimwinamia Mama nikamweleza, nikamwambia akiumia anibinye. Mwanya alipima mpira kutoka puani hadi sikioni hadi chini ya kifua, akaweka alama. Nikasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia moyo wake, au ulikuwa wangu. Mpira ulipofika kooni Mama akakohoa na kunibinya, na kwa mazoea aliyoyapata kwa Shangazi yule binti akataka kuendelea kusukuma.

"Simama," nikasema. "Rudisha. Huyu anakohoa, anakuambia kitu. Mwache apumue. Sasa kidevu chini. Ngoja ajaribu kumeza. Sasa."

Mara ya tatu ukapita. Alivuta, yakaja majimaji ya kijani. Akadondosha, karatasi ikawa nyekundu. Mwanya alianza kulia bila sauti huku ameshika mpira asiuachie, nami nilimwacha alie, kazi ilikuwa imefanyika sawasawa. Kaka aliitwa, akamimina maziwa kijiko kwa kijiko, akisimama kila mara kumtazama Mama usoni.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumekaa benchini nje ya wodi, mimi na Mwanya. Kutoka wodi ya wagonjwa mahututi hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Nilimpa pakiti yangu ya karatasi. Aliigeuza geuza mkononi.

"Mwalimu," akasema. "Siku ile ya mzee wa dirishani tulikuwa arobaini na mmoja."

"Najua."

"Wamesambaa. Wengine wako vituo vya mbali, peke yao. Hakuna sista mkuu wala nini."

Nilikuwa nalijua hilo tangu kwenye ngazi. Nilikuwa nimelisukuma nyuma, na sasa limekaa benchini nasi. Hao walikuwa fungu moja tu, la siku moja. Mafungu mengine sikuthubutu kuyahesabu.

Nilitoa simu. Orodha ya namba za kundi lile ninayo, ya kuwatangazia ratiba. Ukimtoa Mwanya walibaki arobaini, maana hata yule aliyeweka, aliweka mara moja tu nikamwandikia tano. Nikaanza juu. Wa kwanza alikuwa ameacha uuguzi, anauza nguo. Nilimpongeza, nadhani hakuelewa kwa nini. Wa pili hakupokea. Wa tatu alikuwa kliniki ya meno. Wa nne na wa tano niliwaambia wasiguse mpira hadi wasimamiwe, wakasema ndiyo mwalimu kwa sauti ya watu waliokuwa wanangoja miezi kuambiwa hivyo. Wa sita, wa saba na wa nane simu zao zilikuwa zimezimwa.

Wa tisa alipokea upesi, kwa kunong'ona.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba nikupigie baadaye. Nina mgonjwa hapa, namwekea mpira."

Mwanya aliinuka kutoka benchini.

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Nimeshamaliza, bado kumpa uji tu."

"Weka simu kwa sauti, ilaze kitandani. Mkono wako usiguse kikombe. Umevuta?"

"Nimevuta, mwalimu. Hakijatoka kitu." Akasita. "Ila tuseme..."

"Usiseme," nikamwambia. "Utoe, mwanangu. Tunaanza upya, mimi niko hapa, niambie kila unachokiona."

Upande wa pili, mtu nisiyemjua alikuwa anakohoa. Niliikandamiza simu sikioni na kusikiliza. Chini ya jina lake kulikuwa na majina thelathini na moja.